Ratiba ya Nyumba Ugenini

Mhadhara uliotolewa mbele ya familia za Waswahili mjini Leicester, Uingereza

Nimeombwa nizungumze juu ya ratiba ya nyumba kwa familia iliyohamia nchi hii. Wapo watakaoona ni jambo dogo mno kulifanyia mhadhara. Mimi naliona kubwa. Katika nyumba nyingi za kwetu ninazoingia humu mjini nakuta ugomvi wa mume na mke, uchovu wa mama usiokwisha, na mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyejifungia chumbani. Nikikaa nao nikasikiliza, mara nyingi nafika kwenye maswali ya kila siku ambayo hayajawahi kupata jibu: nani anampeleka mtoto shule, chakula cha jioni ni saa ngapi, nani analala lini, nani anafua.

Hebu tuanze kule tulikotoka. Mombasa, Tanga, Nakuru au Bukavu, nani alikuwa anashika ratiba ya nyumba yako? Wengi watajibu haraka kwamba ni mama, au ni mimi mwenyewe. Lakini kumbukeni vizuri. Dada wa kazi aliamka saa kumi na moja, akawasha jiko, akawaogesha watoto. Bibi alijua nani hajala. Gari la shule lilipiga honi langoni. Mwadhini au kengele ya kanisa iligawa siku bila kumwuliza mtu. Mama jirani alimwona mtoto barabarani giza likiingia, akamwuliza kwao hawamtafuti, na mtoto akakimbia nyumbani. Kuni, maji, maziwa, mboga, kila kimoja kilikuwa na mtu aliyekileta kwa saa yake. Baba na mama walikuwa na amri, lakini mikono iliyoibeba siku ilikuwa mingi, na mingine haikuwa hata ya ukoo.

Familia ikipanda ndege, mikono hiyo yote inabaki kule kwa mpigo mmoja. Wanaofika hapa ni watu wawili, wakati mwingine mmoja, pamoja na watoto, ndani ya nyumba ya vyumba viwili yenye ukuta unaowatenga na jirani wasiyemjua jina. Tabia zao njema wamekuja nazo. Waliokuwa wakizibeba tabia hizo ndio hawapo. Kwa hiyo mambo ambayo kwetu yalijulikana tu, bila mtu kuyatamka, hapa lazima yatamkwe. Mume na mke ambao hawajawahi kukaa kuzungumza nani anaosha vyombo wanatakiwa kuzungumza hilo, na si mara moja. Hili ndilo ninaloliamini, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo.

Jua ndilo la kwanza kutuacha. Katika nchi zetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Goma, wakati wa kuchwa kwa jua mwaka mzima haupishani hata kwa saa moja. Mtoto hahitaji saa ya mkononi kujua kwamba muda wa kurudi nyumbani umefika. Hapa Leicester, mwezi wa Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri na kuchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Mwezi wa Juni huchwa saa tatu na nusu usiku. Mtoto wa miaka mitano ambaye shule inamtaka saa tatu kasorobo asubuhi anaambiwa alale wakati nje kweupe na watoto wengine wanacheza mpira. Ana haki ya kukataa, kwa kuwa macho yake yanamwambia mama anakosea. Nunueni mapazia mazito yanayozuia mwanga kabla ya Mei, na saa ya kulala ifuate saa ya ukutani mwaka mzima. Msiiache ifuate mwanga, hata kwa wiki moja ya likizo, maana kuirudisha mwezi wa Septemba ni vita.

Upande wa pili ni baridi na giza. Serikali ya hapa inashauri kila mtu afikirie kumeza vitamini D, maikrogramu 10 kwa siku, katika miezi ya vuli na baridi. Kwa watu weusi kama sisi wanashauri tufikirie kuimeza mwaka mzima, kwa sababu ngozi yetu hutengeneza kidogo kwa mwanga wa huku. Watoto wa mwaka mmoja hadi minne wapewe kila siku. Chupa hiyo haigharimu sana, lakini ikiwekwa kabatini inasahauliwa. Iwekeni pale pale penye majani ya chai na sukari, ili kila anayeandaa chai ya asubuhi akutane nayo. Na Jumamosi ya Desemba, hata kukiwa na manyunyu, tokeni nje na watoto mchana kabla giza halijaingia. Nimeona akina mama wengi waliodhani wana maradhi ya moyo kumbe hawajaliona jua wiki tatu.

Kwa Waislamu, suala hili ni zito zaidi, kwa sababu swala ndiyo ilikuwa ratiba yenyewe. Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya saa nne. Mtoto anayetoka shule saa tisa na robo ana kama nusu saa tu kabla ya magharibi. Juni nako isha inaingia usiku mkubwa, na alfajiri haichelewi. Familia iliyozoea watoto kuswali magharibi na baba kila siku itaona haiwezekani, kisha itaacha kabisa, na hilo linaniuma. Chagueni swala moja ambayo katika msimu huo wote mtakuwa nyumbani, iwe ndiyo ya jamaa. Msimu ukibadilika, badilisheni swala. Kuhusu Ramadhani, wazazi wenye watoto wa miaka saba hadi kumi wana bahati ambayo wengine hatukuipata. Mwaka 2016 Ramadhani ilianza Juni, na kufunga hapa kulizidi saa 18. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, sasa umeingia Februari, na kufikia 2030 utakuwa katikati ya majira ya baridi, ambapo funga haifiki saa 11. Hii ndiyo miaka ya kuwafundisha watoto kufunga. Msiiache ipite.

Sasa nije kwenye kazi, maana hapa ndipo ratiba nyingi zinapovunjikia. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wauguzi mwezi wa Julai 2021. Februari 2022 njia ya viza ikafunguliwa kwa wahudumu wa wazee na wagonjwa, na ndugu zetu wengi wakaja. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, wahudumu hao wapya wakakatazwa kuja na mume, mke au watoto, na Julai 2025 mlango wenyewe wa kuwaajiri kutoka nje ukafungwa. Kwa hiyo humu ukumbini tumo wa namna mbili: waliowahi kuja na familia, na wanaolea watoto kwa simu. Nitarudi kwa hawa wa pili.

Muuguzi wa zamu ndefu anaingia saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa mbili usiku. Shule inafungua saa tatu kasorobo na kufunga saa tisa na robo. Zamu hiyo haikupangwa na mtu aliyefikiria shule, wala shule haikumfikiria muuguzi. Mume naye akiwa ghalani anapakia mizigo usiku, nyumba inageuka kituo cha kupokezana. Wanakutana mlangoni, mmoja anavua viatu na mwingine anavaa. Kwa nyumba kama hizi sipendi ushauri wa kwamba familia ile pamoja kila jioni. Ni ushauri mzuri kwa watu wanaofanya kazi ofisini. Mkiuahidi mtaushindwa wiki ya kwanza, na mtoto atajifunza kwamba maneno ya nyumba hii hayana uzito. Chukueni ratiba ya zamu inapotoka, kaeni nayo mezani usiku huo huo, mtafute milo mitatu au minne ya wiki ambayo wote mtakuwepo. Inaweza kuwa staftahi ya Jumanne, baba akiwa ametoka kazini na mama hajaondoka. Iandikeni ukutani kwa kalamu nene. Mtoto wa miaka minne asiyejua kusoma ataijua kwa rangi.

Na saa za ziada? Naomba hapa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu mji huu una historia inayotuhusu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka. Baraza la mji huu liliweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije Leicester. Walikuja kwa maelfu, na muhogo tunaoununua leo Belgrave Road unatokana na kuja kwao. Wengi walitoka kwenye maduka yao wenyewe, wakaingia viwandani, wanawake pia. Miaka minne baadaye, Agosti 1976, huko Willesden, London, mama mmoja aitwaye Jayaben Desai, aliyewahi kuishi Tanzania, alitoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick baada ya kuamriwa abaki kufanya kazi ya ziada. Wenzake waliomfuata wengi wao walikuwa wanawake wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki. Mgomo ulidumu karibu miaka miwili, hadi Julai 1978, na hawakurudishwa kazini.

Historia hiyo husimuliwa kama habari ya vyama vya wafanyakazi na ubaguzi, na ni kweli. Mimi naiona pia kama habari ya jioni. Mwanamke mwenye mume na watoto anaambiwa mwisho wa siku kwamba haondoki, na nyumbani hakuna bibi wala dada wa kazi wa kuziba pengo. Leo amri hiyo imevaa sura ya ujumbe wa simu: kuna zamu Jumapili, unaiweza? Tunaijibu kwa ndiyo kwa sababu kuna karo ya mdogo wetu Kisumu na kuna paa la mama Lushoto halijakwisha. Sisemi mkatae fedha. Nasema zamu ya ziada isikubaliwe na mtu mmoja peke yake kabla simu haijakatwa. Mkubaliane kabla mwezi haujaanza ni zamu ngapi, na kwa ajili ya nini, na zikifika hizo, jibu ni hapana. Mkiwa na kiwango, yule anayebaki na watoto hahisi ameporwa.

Nizungumze na akina baba, na nitazungumza waziwazi. Kwetu mwanamume angeweza kukaa sebuleni kwa sababu jikoni kulikuwa na wanawake watatu. Heshima yake haikuwa kwenye kukaa. Ilikuwa kwenye kuihudumia nyumba. Hapa wanawake hao watatu hawapo, na mke ametoka kusimama saa kumi na mbili wodini. Baba anayepika, anayeogesha na kuchana nywele za binti yake anafanya kazi ile ile ya kuihudumia nyumba. Nawajua wanaume wengi wanaofanya hayo, lakini mgeni akibisha hodi wanaweka chini mwiko. Wasiuweke chini. Mtoto wa kiume anayeona mwiko unafichwa anajifunza aibu, na ataibeba hadi kwenye ndoa yake.

Watoto nao wana sehemu yao. Mtoto wa miaka minane anaweza kukunja nguo na kuandaa sanduku lake la chakula cha shule. Angalieni tu kanuni za shule, maana nyingi zinakataza karanga. Lakini kuna mpaka mmoja ambao wengi wetu hatuujui hadi maafisa wa ustawi wa jamii wabishe mlangoni. Kwetu dada wa miaka kumi alikuwa mlezi kamili. Sheria ya hapa haitaji umri wa kumwacha mtoto peke yake, ila ni kosa kumwacha katika hali ya kumhatarisha. Shirika la kulinda watoto la NSPCC linasema mtoto aliye chini ya miaka 12 ni nadra kuwa amekomaa vya kutosha kuachwa kwa muda mrefu, na aliye chini ya miaka 16 asiachwe usiku kucha. Kwa hiyo ile nusu saa kati ya mama kuondoka na baba kurudi haiwezi kubebwa na mtoto wa kwanza. Tafuteni familia mbili au tatu mnaoaminiana, mtaa mmoja ikiwezekana, mpokezane watoto. Huo ndio ujirani tuliouacha, na hapa unajengwa kwa kuombana. Mkianza kulipana, jueni kwamba anayelea kwa malipo mtoto wa chini ya miaka minane nyumbani kwake mchana, kwa zaidi ya saa mbili kwa siku, anatakiwa kusajiliwa.

Chakula cha jioni kinahitaji kusogezwa. Tulizoea kula saa mbili au tatu usiku. Mtoto wa hapa anakula shule mchana mapema na kurudi saa tisa na nusu akiwa na njaa kali. Usipompa chakula atajipa biskuti na kripsi hadi saa tatu, kisha akatae ugali, nawe useme ameharibiwa na Uzungu. Hajaharibiwa na kitu. Njaa yake imekuja mapema tu. Wekeni chakula saa kumi na moja na nusu au kumi na mbili, aliye kazini afunikiwe chake. Jumapili chemsha maharage ya wiki nzima na nyama, ugawe kwenye vyombo, ugandishe. Ugali unasongwa kwa dakika chache siku yoyote. Na kwa wanaotafuta sukuma wiki, yale majani yanayouzwa sokoni kwa jina la spring greens yanafaa kabisa, yakatwe membamba kama kwetu.

Nguo zisianikwe kwenye vyumba vya kulala huku madirisha yamefungwa. Unyevu huo ndio unaoleta ukungu mweusi ukutani na kikohozi cha mtoto. Pangeni siku mbili za kufua, anikeni chumba kimoja, dirisha likiwa wazi kidogo, hata kama mnaonea uchungu gesi.

Kuna familia zilizopita njia nyingine kabla ya kufika hapa, na hazipaswi kusahaulika katika mazungumzo haya. Ndugu zetu Wakongo waliohamishiwa Uingereza kutoka makambini, wakiwemo walioletwa miji ya kaskazini kama Sheffield kupitia mpango wa Gateway ulioanza 2004, walizoea siku iliyopangwa na wengine. Kambini, kama Nyarugusu kule Kigoma, mwezi unahesabiwa kwa siku ya mgao wa chakula, na asubuhi kwa foleni ya maji. Mtu aliyekulia humo anapewa ghafla funguo, mita ya umeme, barua za baraza la mji na mapipa ya taka ya rangi mbalimbali yenye siku zake. Mtoto aliyejua Kiingereza kwanza ndiye anayesoma barua, na taratibu anakuwa baba wa nyumba. Kwa familia hizi nashauri barua zifunguliwe kwa siku maalum, mara moja kwa wiki, mzazi akiwa ameketi mezani na mtu mzima anayesoma, hata kama ni wa familia nyingine. Mtoto asaidie Kiingereza, lakini uamuzi usipite mdomoni mwake.

Hilo linanileta kwenye Kiswahili. Amri ya kwamba humu ndani hakuna Kiingereza haidumu. Mtoto ametumia saa sita akijifunza sayansi kwa Kiingereza, anarudi na habari zake moto, nawe unamnyamazisha. Akizoea kunyamaza, hutamrudisha. Funga lugha kwenye kazi. Jikoni ni Kiswahili, kuogesha ni Kiswahili, hadithi ya kulala ni Kiswahili. Habari za shule aseme kwa lugha aliyoziishi, nawe umjibu kwa yako. Na mzazi anayelea kwa simu, yule niliyeahidi kumrudia, asipige simu kila apatapo nafasi. Mtoto aliyebaki Nakuru anahitaji kujua saa. Kumbukeni kwamba kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ya mwisho ya Machi tunapishana saa tatu, na miezi mingine saa mbili. Ukishika saa fulani ya kwao, usiibadilishe kwa sababu saa ya kwako imesogea. Msaidie kazi ya shule kwa simu, mkague daftari, muulize jina la rafiki yake mpya. Simu ya kila wakati bila jambo inamchosha hata anayekupenda.

Nimalize na bibi, kwa kuwa wengi mmeniuliza kabla sijapanda hapa. Viza ya matembezi inampa mgeni hadi miezi sita, na familia nyingi zinamleta bibi mtoto anapozaliwa. Akifika, mikono inarudi nyumbani na kila mtu anapumua. Hapo ndipo kosa linapoingia: mama anaongeza zamu, baba anaacha mwiko, na bibi wa miaka sitini na minane anabaki na mtoto mchanga, ngazi zenye kapeti na jiko asilolielewa, nje kukiwa na baridi. Baada ya miezi sita anaondoka, na ratiba iliyokuwa imesimama imebomoka. Mpeni bibi kazi ambayo ni yake hasa: kumkanda mzazi, kumwimbia mtoto, kuwafundisha wajukuu kusuka na kusalimia. Kupika na kufua kuendelee kwa waliokuwa wakifanya. Mpeni siku yake ya kutoka, kanisani, msikitini au kwa mama mwenzake. Na kama tiketi haijakatwa, msimlete Novemba. Mleteni Mei.